Rangi Tatu, Uso wa Tatu

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuchora uso wa mtu nisiyemjua.

Ilikuwa mwaka 2016, Mbagala Rangi Tatu, kwenye kibanda cha fundi mmoja wa mabango aliyenipokea nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale ya kuficha. Dereva wa bajaji alikuja na fulana ya mtumba begani, akaitandaza juu ya benchi, akasema, "Dogo, nataka huyu hapa. Mgongoni mwa bajaji, mkubwa, mtu akiwa kwenye foleni nyuma yangu amwone." Kwenye fulana alikuwepo yule jamaa mnayemfahamu wote: bereti yenye nyota, nywele ndefu, ndevu zisizojaa, macho yanayotazama mbali juu ya kichwa chako. Che.

Fundi hakunipa somo la sanaa. Alinipa makopo matatu ya rangi ya mafuta, nyekundu, nyeusi na njano, akasema hizo zinatosha na nikiomba ya nne basi nimeshindwa kazi. "Fumba macho nusu," akaniambia. Nikafumba nusu. "Unaona nini?" Nikasema naona weusi na wekundu tu. "Basi ndivyo alivyo. Chora hivyo hivyo."

Siku ile nikajifunza kitu ambacho darasani hawakunifundisha. Ukifumba macho nusu, vitu vidogo vidogo vyote vya usoni vinapotea: vinyweleo, mikunjo, weupe wa jicho. Vinabaki mafungu mawili, penye mwanga na penye kivuli. Kazi ya mchoraji ni kuchora mpaka wa mafungu hayo. Huchori pua, unachora kivuli cha pua. Huchori jicho, unachora doa jeusi lililokaa chini ya nyusi. Penye mwanga huweki kitu, unaiacha rangi ya chini ionekane yenyewe. Ukitazama kwa karibu ni madoa matupu, kama mtu amemwaga wino. Rudi nyuma hatua kumi, mtu huyo hapo anakutazama.

Nilimaliza kwa siku mbili. Rangi ikiwa bado mbichi, mzee mmoja mstaafu, aliyezoea kununua magazeti kwenye meza ya jirani yetu, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemchora nani hapo, kijana?"

"Che, mzee."

"Che nani?"

"Che Guevara."

"Alifanya nini?"

Nikababaika. Nikasema alikuwa mpigania haki.

"Mtu wa wapi?"

"Kuba."

"Alipigana Kuba, lakini siyo kwao. Kwao Argentina. Na unajua kwamba alilala katika mji huu huu?"

Nikacheka, nikidhani mzee ananitania kama wazee wanavyotutania. Yeye hakucheka. Akakunja gazeti lake, akaliweka kwapani, akaenda zake.

Ndugu msomaji, insha hii ni ya kijana aliyeona haya. Nilikuwa nimechora uso ule mkubwa kuliko mlango wa kwetu, na sikuwa na sentensi mbili za kusema juu ya mwenyewe. Nikaanza kuulizia, kusoma, kuazima vitabu. Niliyoyakuta nayaweka hapa, maana nadhani yanatuhusu sisi tunaochora na ninyi wenzangu mnaoshika kalamu.

Tuanze na picha yenyewe. Tarehe 4 Machi 1960 meli ya Kifaransa iitwayo La Coubre, iliyokuwa imebeba silaha kutoka Ubelgiji, ililipuka katika bandari ya Havana. Ukafuata mlipuko wa pili wakati watu walipokuwa wamekimbilia kuokoa wenzao. Makumi ya watu walikufa. Kesho yake, tarehe 5, yakawa mazishi, na Fidel Castro akahutubia umati. Mpiga picha wa gazeti la Revolución, Alberto Korda, alikuwa chini ya jukwaa na kamera yake ya Leica. Juu ya jukwaa walikuwepo hata wageni maarufu, waandishi wa Kifaransa Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir. Kwa muda mfupi tu Che akasogea mbele, akautazama umati, kisha akarudi nyuma. Korda akawahi kubonyeza mara mbili.

Kwa hiyo ule uso ambao vijana tunauvaa kama uso wa vita, ulikuwa uso wa msibani. Che alikuwa na miaka 31. Hakuwa akitazama mbele kwenye ushindi wala kwenye siku zijazo, kama mashairi ya fulana yanavyodai. Alikuwa akiwatazama waliofiwa.

Ukiiona picha ile nzima utashangaa. Upande mmoja wa Che kuna mtu mwingine, anaonekana uso wake kwa ubavu. Upande wa pili kuna majani ya mnazi au mti wa jamii hiyo. Korda aliwakata wote wawili, mtu na mti, akabakiza uso peke yake juu ya anga tupu. Gazeti lake halikuitumia picha ile siku ya pili. Lilichagua nyingine. Korda akaitundika ukutani kwenye studio yake, na hapo ikakaa miaka saba.

Huo ndio mkasi wa kwanza. Naomba uukumbuke, maana ipo mingine.

Mwaka 1967 mchapishaji wa Kitaliano, Giangiacomo Feltrinelli, alifika Havana akatafuta picha ya Che. Korda akampa nakala bila kudai hata senti. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo Che akauawa kijijini La Higuera, nchini Bolivia. Siku chache baadaye uso ule ukatundikwa, mkubwa ajabu, katika Uwanja wa Mapinduzi Havana, na huko Italia Feltrinelli akachapa mabango kwa wingi. Mtu akafa, uso ukaanza safari.

Lakini hiyo bado ilikuwa picha ya kamera, yenye weusi, weupe na kijivu cha kila aina katikati. Uso tunaoujua sisi ulitoka Ireland mwaka 1968, mikononi mwa kijana mchoraji, Jim Fitzpatrick. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mvulana, akifanya kazi kwenye baa ya mji mdogo wa Kilkee mwaka 1961, Che aliingia pale akiwa safarini, wakazungumza. Che alipouawa, Fitzpatrick alikasirika, akaamua kwamba mtu yule hatasahaulika. Akaichukua picha ya Korda akakiondoa kijivu chote. Palipokuwa na weusi kidogo pakawa peusi kabisa, palipokuwa na mwanga kidogo pakawa patupu. Akachapa kwa nyeusi na nyekundu, na ile nyota ya kwenye bereti akaipaka njano kwa mkono. Rangi tatu. Macho akayanyanyua kidogo kuliko yalivyokuwa kwenye picha, ili Che aonekane anatazama mbali zaidi. Na begani akaficha herufi F ya jina lake, iliyogeuzwa. Nendeni mkatazame, mtaiona. Kisha akaruhusu yeyote anayetaka achape, asiombe ruhusa.

Huo ndio mkasi wa pili.

Kwa nini rangi chache? Mtu anaweza kudhani ni madaha ya wasanii. Hapana, kwanza ni suala la mfuko. Kwenye uchapaji wa zamani kila rangi ina kibao chake au jiwe lake, na karatasi lazima ipite upya kwa kila rangi. Rangi tatu ni kazi mara tatu na gharama mara tatu. Wajapani walilijua hilo zamani. Mwaka 1794 na 1795, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, msanii aliyejiita Sharaku alitoa picha za nyuso za waigizaji wa kabuki, zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Mistari michache ilitosha kukuonyesha mdomo uliokunjwa na jicho lenye hila. Karibu miaka mia moja baadaye picha za Kijapani za namna hiyo zilikuwa zimeenea Paris, na vijana wachoraji wa huko wakapagawa nazo. Mmoja wao ni Henri de Toulouse-Lautrec. Mwaka 1892 alimchora mwimbaji Aristide Bruant kwa ajili ya bango la ukumbi wa Ambassadeurs: kofia pana, joho jeusi ambalo ni doa moja kubwa tu, skafu nyekundu, na uso wa mistari michache. Mwenye ukumbi hakulipenda bango lile. Bruant mwenyewe akang'ang'ania libandikwe, na likabandikwa. Leo ukimkumbuka Bruant, unamkumbuka kwa skafu ile.

Hata hapa kwetu. Karibu na mwaka huo huo wa 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam juu ya vipande vya ubao kwa rangi za madukani, rangi za kupakia vyuma na baiskeli. Yeye alichora zaidi wanyama na ndege, hakuishi kwa kuchora nyuso za watu, na sitaki kumvuta kwa nguvu kwenye hadithi isiyo yake. Lakini nikitazama kazi zake naona kanuni ile ile ya fundi wangu: kopo ulilo nalo ndilo litakaloamua chui awe wa namna gani. Mwenye kidogo hujifunza kuchagua.

Basi nilipofika hapo nikajiona nimeelewa. Nikajisemea kwamba siri ya picha hizi ni kupunguza. Punguza, punguza tena, mpaka kibaki kile ambacho ndicho mtu mwenyewe. Nikawa nawaambia hata washikaji kijiweni, kwa sauti ya mtaalamu.

Halafu nikakumbuka maneno ya mzee wa magazeti, kwamba Che alilala mji huu. Nikatafuta.

Mzee hakunidanganya. Che alifika Dar es Salaam kwanza Februari 1965, kwa wazi, kama kiongozi wa serikali ya Kuba. Akarudi Aprili mwaka huo huo, safari hii kwa siri. Alikuwa na hati ya kusafiria yenye jina Ramón Benítez. Kutoka Dar alikwenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika usiku, na tarehe 24 Aprili akafika Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Léopoldville. Wakuba waliomfuata huko kwa mafungu mafungu walizidi 100. Na kwa kuwa majina yao yalipaswa kufichwa, wa kwanza wao walipewa majina ya namba, namba zetu za Kiswahili. Víctor Dreke akaitwa Moja. José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili. Che Guevara akaitwa Tatu.

Niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo. Mimi nimemchora kwa rangi tatu, kwenye kituo kinachoitwa Rangi Tatu, na mwenyewe jina lake la Kiswahili lilikuwa Tatu. Mambo mengine huwezi kuyatunga.

Lakini lililonikaa rohoni zaidi ni hili. Mtu aliyeshuka Dar Aprili 1965 hakuwa na ule uso. Ndevu alizinyoa. Nywele zilipunguzwa sana. Akavaa miwani. Bereti haikuwepo, nyota haikuwepo. Dreke ameeleza kwamba alipotambulishwa kwa bwana huyo kabla ya safari, huko huko Kuba, hakumtambua, ingawa alikuwa mpiganaji wa mapinduzi yale yale. Picha zake za kujibadilisha sura zipo, nimeziona. Ni mtu wa makamo, mwenye upara, kama mhasibu aliyechoka. Angepanda daladala yako leo, ungempa nauli aipitishe mbele kwa konda bila kumtazama mara mbili.

Huo ndio mkasi wa tatu, na huu aliushika mwenyewe. Ulikuwa wembe.

Tazama sasa hesabu hii. Fitzpatrick alipunguza uso mpaka ukabaki na bereti, nywele, ndevu na macho, na dunia nzima ikamtambua. Che mwenyewe aliondoa bereti, nywele na ndevu, akafunika macho kwa miwani, na hakuna aliyemtambua. Pua ilikuwa ile ile. Mdomo ule ule. Basi nani alikuwa Che? Nilikuwa nimesema kwamba ukipunguza sana unabaki na mtu mwenyewe. Kumbe unabaki na alama. Na alama ameichagua mtu fulani, kwa sababu zake.

Na huyo aliyechagua alituachia nini? Alituachia mshindi. Lakini Tatu wa Kongo hakushinda. Alikaa karibu miezi saba milimani na kando ya ziwa. Akaugua, akafundishwa Kiswahili na kijana wa Kikongo, akagombana na mambo yasiyokwenda. Viongozi wengi wa waasi hawakuonekana vitani. Novemba 1965 yeye na watu wake wakavuka ziwa kurudi Kigoma. Kisha akajificha Dar es Salaam, ndani ya ubalozi wa Kuba, mpaka mwanzoni mwa 1966, akiandika kumbukumbu za vita ile. Hakuipamba. Mwanzoni kabisa mwa maandishi yale alikiri kwamba anaandika historia ya kushindwa. Yakakaa miaka mingi bila kuchapwa, mpaka miaka ya 1990.

Niwaze kidogo kwa sauti. Mtu mmoja anakaa chumbani katika mji wetu, hana ndevu, hana bereti, anaandika ukurasa baada ya ukurasa kuhusu alivyoshindwa. Nje wapita njia hawana habari. Huyo ndiye Che wa Dar es Salaam. Na sisi wa Dar es Salaam tukimchora tunamchora yule wa Havana, kwa sababu fulana ilitoka mtumbani na wa Havana ndiye aliyekuwa kwenye fulana. Historia ilipita mlangoni kwetu, sisi tukaenda kuinunua mnadani.

Sisemi kwamba bango la Fitzpatrick ni uongo. Linapendeza, na lilifanya kazi aliyoitaka. Nasema kwamba uso uliopunguzwa hivyo ni mwepesi, na kitu chepesi yeyote anaweza kukibeba. Mwaka 2000 huko Uingereza kampuni ya matangazo iliweka uso ule kwenye tangazo la pombe kali aina ya vodka. Korda, ambaye miaka yote hakuwahi kudai malipo kwa waliomtangaza Che, hapo alikasirika akaenda mahakamani. Wakapatana nje ya mahakama kwa dola 50,000, naye akazitoa zote kwa ajili ya dawa za watoto wa Kuba. Alifariki mwaka 2001.

Jambo kama hilo lilitokea tena, na la pili linatugusa zaidi. Mwaka 2008 Shepard Fairey wa Marekani alimchora Barack Obama kwa nyekundu, bluu mbili na rangi ya maziwa yaliyochujuka, chini akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya matumaini. Mkono ule ule: mafungu ya mwanga na kivuli, macho yameinuliwa mbali. Picha aliyoifuata ilikuwa imepigwa na Mannie Garcia mwaka 2006 kwa ajili ya shirika la habari la Associated Press. Shirika likadai haki yake. Fairey akasema alitumia picha nyingine, na baadaye ikabainika kwamba alisema uongo na kuharibu ushahidi. Madai yale walipatana mwaka 2011, na mwaka 2012 mahakama ikamtoza faini ya dola 25,000 na kumpa miaka miwili ya uangalizi. Kwetu Afrika Mashariki Obama akaingia hata kwenye khanga, uso wake katikati na maneno ya "Hongera Barack Obama". Mama yangu anayo mpaka leo. Anafunikia cherehani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo nisingeandika insha hii.

Mwaka 2019 bibi yangu mzaa mama alifariki. Tulipokuwa tunajiandaa na arobaini, mama akaniita. "Mwanangu, wewe si fundi? Tuchoree bibi yako tumweke sebuleni." Picha zake hazikuwepo. Bibi alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Tuliyoipata ni ile ya kitambulisho cha kupigia kura, kile ambacho mtaani tunakiita kichinjio: ndogo kama kidole gumba, imefifia, upande mmoja wa uso umemezwa na kivuli.

Nikafurahi, nisiseme uongo. Nikaona hii ndiyo kazi ya rangi tatu yenyewe, maana picha mbovu haina kijivu cha kukusumbua. Nikachora miraba, nikaikuza kwenye kipande cha silingibodi. Kahawia iliyokolea kwa vivuli, nyeupe isiyo nyeupe sana kwa mwanga, bluu kwa kilemba. Usiku mmoja tu. Macho mawili nikayafanya madoa mawili yanayolingana, kwa sababu yakilingana picha inatulia. Asubuhi nikamwita mama.

Alitazama muda mrefu. "Kazi nzuri," akasema. Kisha akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kuumiza, "Lakini huyu ni nani?"

Nikaanza kueleza mambo ya mwanga na kivuli. Mama hakunisikiliza. Aliinua kidole, akaushusha ukope wa jicho lake la kulia mpaka nusu. "Bibi yako alikuwa anatutazama hivi."

Nilikuwa nimesahau. Tangu utotoni mwake ukope mmoja wa bibi ulikuwa umelala. Sisi wajukuu tuliogopa jicho lile. Tuliamini kwamba lile lililo wazi linaona vitu, na lile linalosinzia linaona uongo. Ukimwibia bibi sukari, hukuthubutu kupita upande wa kulia. Kwenye kichinjio jicho lilikuwemo ndani ya kivuli, na mimi kwa utaalamu wangu nikaliona ni dosari ya picha. Nikalinyoosha. Bereti, nywele, ndevu: bibi hakuwa na hizo. Alama yake ilikuwa moja tu, na hiyo moja ndiyo niliyoikata.

Sikuongeza rangi. Rangi zilibaki zile zile tatu. Nilichukua brashi nyembamba, nikashusha ukingo wa doa la kulia kwa upana wa punje ya mchele. Mama alipita na beseni la mchele wa shughuli, akasimama, akaliweka beseni chini.

"Ndiye," akasema. Akakaa pale chini kwenye mkeka, akalia.

Toka siku ile nikipewa uso wa mtu sianzi na penseli. Nauliza kwanza. Alikuwa anatembeaje, alikuwa anachekaje, watoto walimwogopea nini. Wateja wengine wananiona nina maneno mengi kwa fundi wa mabango. Lakini rangi tatu zina nafasi chache, na kila nafasi utakayoitumia vibaya haina nyingine ya kuifidia. Ninyi mnaoandika hadithi mnalijua hilo kuliko mimi. Mkimpa mhusika sentensi tatu tu za sura yake, nani amechagua hizo tatu, ninyi au fulana ya mtumba?

Yule dereva wa bajaji alirudi mwaka jana. Rangi ilikuwa imebanduka, Che amebaki na nusu ya bereti na kidevu. Siku hizi watu wengi wanabandika stika za mashine, lakini yeye ni mtu wa mkono. Nikamwambia nitamrudishia Che wake vile vile, ila nina ombi. Nikamweleza habari za Kigoma, za miwani, za wembe, za ubalozi. Nikamwambia nimchore huyo wa Dar.

"Bila ndevu?"

"Bila ndevu."

"Sasa abiria watamjuaje?"

Sikuwa na jibu, manake ndilo swali lenyewe. Tukapatana: nje Che wa Havana, ndani, kwenye turubai la mgongoni mwa kiti chake ambako abiria wanatazama, nimweke yule mwingine kwa ukubwa wa sahani. Nikamchora kwa makopo yale yale matatu. Upara, miwani, mdomo uliofungwa. Nyota hakuna, kwa hiyo njano nikaiweka kwenye fremu za miwani. Chini nikaandika neno moja: TATU.

Juzi nilimuuliza watu wanasemaje. Akaniambia wa nje hakuna anayemuuliza. Wa ndani, kila siku haikosi abiria mmoja au wawili, foleni ikikaza, wanaouliza huyu mzee wa miwani ni nani.

"Na wewe unawaambiaje?"

"Nawaambia ni mgeni, alikaa hapa mjini kidogo. Wakiendelea kuuliza, naendelea kueleza mpaka foleni iishe."